Kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta mpakato isiyo na mlango wa CD

Kompyuta mpakato ndogo zinazouzwa mitumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, karibu zote hazina mlango wa CD. HP EliteBook 820, Lenovo ThinkPad X230 na wadogo zake hadi X270, HP Stream 11, zote mtengenezaji aliuacha mlango huo nje ili mashine iwe nyembamba na nyepesi. Mwenye mashine akitaka kubadilisha Windows au kuweka Linux, mfumo mwingine wa bure, anaambiwa apeleke kwa fundi. Fundi ana kazi zake, ila hii unaiweza mwenyewe ukiwa na flashi ya GB 8 au 16, kompyuta nyingine ya kuazima kwa muda, na bando la kutosha.

Nakusihi uifanye mwenyewe kwa sababu moja nzito. Flashi uliyoiandaa wewe, kwa faili ulilolipakua kwa wenye mfumo wenyewe, unajua ndani yake kuna nini. Zile Windows zilizokwisha "kufunguliwa", zinazotembea kutoka flashi hadi flashi mitaani, mara nyingi zimezimiwa kinga ya virusi makusudi ili kile kiprogramu cha kuzifungua kisikamatwe. Halafu kwenye mashine hiyohiyo ndiko utakakofungulia barua pepe, akaunti ya benki na kazi za chuo.

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla hujaigusa ile mashine ndogo. Anayeharakisha maandalizi ndiye anayekesha baadaye.

Ijue mashine kwanza

Tafuta mambo manne: RAM ni kiasi gani, diski ya ndani ina ukubwa gani, prosesa ni ya biti 32 au 64, na mashine inawaka kwa utaratibu wa zamani wa BIOS au mpya wa UEFI. Kama Windows iliyomo bado inafunguka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Karibu yote yako hapo. Mbele ya maneno BIOS Mode utakuta imeandikwa UEFI au Legacy (yaani BIOS ya zamani). Liandike neno hilo kwenye karatasi, maana utalihitaji utakapoandaa flashi.

Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia mfumo. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 820 G3 yenye Core i5 ya kizazi cha 6 imeachwa nje, ingawa bado ni mashine imara. Windows 10 nayo, muda wake wa kawaida wa kupewa masasisho uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa mashine zilizoachwa namna hiyo, na kwa HP Stream 11 ya mwaka 2014 yenye RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32 isiyoweza kubadilishwa, ushauri wangu ni mmoja: weka Linux Mint, toleo jepesi liitwalo Xfce. Inahitaji RAM ya GB 2 (ukiwa na 4 utafurahi zaidi) na diski ya GB 20. Inakuja na LibreOffice na Firefox tayari, na matoleo ya Mint 22 yatapata masasisho hadi mwaka 2029. Kwenye RAM ya GB 2 usifungue kurasa kumi za intaneti kwa wakati mmoja. Kuandika, kusoma PDF na kutazama video moja inaweza.

Kuna kundi jingine, zile ndogo kabisa za mwaka 2008 na 2009 kama Asus Eee PC na Acer Aspire One zenye prosesa ya Atom N270. Hizo ni biti 32 tu, na Mint 22 haitawaka humo. Tafuta Debian 12 ya biti 32, au antiX ya biti 32, ambazo nazo ni Linux. Usipoteze bando kwa Debian 13 iliyotoka Agosti 2025, maana haina tena kisakinishi cha biti 32.

Hamisha vitu vyako

Nakili picha, nyaraka na chochote unachokithamini kwenye diski ya nje au flashi nyingine, si ile utakayoandalia mfumo. Kisha fungua mafaili mawili matatu kutoka huko yalikohamia, uone kwamba yanafunguka kweli. Kumbuka alamisho za kivinjari na manenosiri yaliyohifadhiwa humo. Watu hukumbuka picha wakasahau hayo.

Kama utabakiza Windows iliyomo na kuweka Linux pembeni yake, angalia kama BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data ya diski kwa ufunguo, imewashwa. Ukibadilisha mipangilio ya kuwaka wakati BitLocker inafanya kazi, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukufungulia. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ukiwa mmiliki wa pili, huna akaunti hiyo, hivyo izime BitLocker kwanza na usubiri imalize.

Usihangaike na leseni ya Windows. Mashine zilizouzwa na Windows 8 au mpya zaidi huwa na ufunguo uliohifadhiwa kwenye chipu ya ubao. Ukiweka upya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Wakati wa kuweka, ikikuuliza ufunguo, chagua kwamba huna.

Faili la ISO na ukaguzi wake

Kilichokuwa ndani ya CD sasa huja kama faili moja lenye kiambishi .iso. La Windows 11 ni zaidi ya GB 5 na hupatikana kwenye tovuti ya Microsoft. La Mint Xfce ni karibu GB 3 na lipo kwenye tovuti ya Linux Mint. Kwa bando la simu hiyo ni gharama ya kweli, kwa hiyo pakua usiku kama mtandao wako una bando la usiku, au tumia Wi-Fi ya maktaba au ya chuo.

Faili kubwa lililopakuliwa kwa mtandao unaokatikakatika linaweza kufika na kasoro bila kukuonyesha dalili yoyote. Utaigundua kasoro hiyo katikati ya kazi, diski ya zamani ikiwa imeshafutwa. Ndiyo maana hatua hii sikubali uiruke. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia), nenda kwenye folda yenye faili, kisha andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Utapata mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule uliochapishwa kwenye ukurasa ulikopakulia. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo lifute na upakue tena.

Flashi nayo ikaguliwe. Masoko yetu yana flashi nyingi za uongo zilizoandikwa GB 128 au hata TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, wakati ndani mna GB 8 au chini ya hapo. Ukiinakilia data kupita uwezo wake halisi, inaimeza bila kulalamika na kuiharibu. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi kisha husoma tena ilichoandika, na mwishoni inakuambia ukweli. Flashi ya GB 16 ya duka unaloliamini inafaa kuliko ya GB 128 ya barabarani.

Kuandaa flashi

Kuburuta faili la ISO na kulidondosha kwenye flashi ya kawaida hakutoshi. Mashine haitaliona kama kitu cha kuwakia. Inahitajika programu ya kulipanga humo inavyotakiwa, na kwa mwenye Windows chaguo langu ni Rufus. Ni ndogo, ni ya bure, na haihitaji hata kusakinishwa.

1. Chomeka flashi, ukiwa umehamisha vyote vilivyomo, kwa sababu itafutwa. Chomoa diski nyingine zote za nje ili usichague isiyo yenyewe.
2. Fungua Rufus. Juu kabisa hakikisha inaonyesha flashi yako. Itambue kwa ukubwa wake.
3. Bonyeza SELECT, uchague faili la ISO.
4. Kwenye Partition scheme, chagua GPT kama karatasi yako imeandikwa UEFI. Kama imeandikwa Legacy, chagua MBR.
5. File system iache kama ilivyo. Watu hupenda kuibadilisha iwe FAT32, lakini FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, na ndani ya Windows 11 kuna faili moja ambalo mara nyingi linazidi. Rufus inajua namna ya kulimaliza hilo.
6. Bonyeza START. Kwa Linux itakuuliza mtindo wa kuandika. Chagua ule unaopendekezwa, wa ISO. Subiri hadi mstari wa chini uandike READY, ufunge programu, kisha uitoe flashi kwa utaratibu bila kuichomoa ghafla.

Kwa Windows 11, hapo kwenye START Rufus hukuonyesha kidirisha chenye uwezekano wa kuondoa masharti ya TPM na RAM. Inafanya kazi, na wengi wameitumia kwenye mashine za kizazi cha 6 na 7. Jua tu kwamba Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na kompyuta isiyopata masasisho ya usalama siiamini na akaunti ya benki.

Anayehudumia mashine nyingi, tuseme mwalimu mwenye chumba cha kompyuta, atumie Ventoy. Unaiweka kwenye flashi mara moja tu, halafu unanakili mafaili ya ISO humo kama unavyonakili nyimbo: Windows, Mint, Debian, yote pamoja. Mashine ikiwaka inakuonyesha orodha uchague. Kwenye mashine yenye Secure Boot (kinga inayokagua mfumo kabla haujawaka), mara ya kwanza Ventoy itakutaka uikubali kwa kufuata maelekezo ya skrini ya buluu.

Ambaye hana kompyuta ya pili kabisa asikate tamaa. Kwa Linux, simu ya Android yenye kichwa cha OTG (cha kuchomekea flashi kwenye simu) na programu ya EtchDroid inaweza kuiandika ISO kwenye flashi. Kwa ISO za Windows njia hiyo haifai.

Kuwaka kutoka kwenye flashi

Chomeka chaja kwanza. Betri za mitumba huonyesha asilimia 60 kisha zikazima, na mashine ikizima katikati ya kuandika diski, kazi inaanza upya. Kama mtaani kwenu umeme haueleweki na betri yenyewe imechoka, subiri wakati wa uhakika.

Chomeka flashi moja kwa moja kwenye mashine bila kupitia kigawanyio cha USB. Washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha orodha ya kuwakia, mfululizo bila kukishikilia. HP ni Esc kisha F9. Dell, Lenovo ThinkPad na Toshiba ni F12. Asus ni Esc. Acer ni F12 pia, ila mara nyingi huwa imezimwa: ingia kwanza kwenye mipangilio kwa F2, utafute F12 Boot Menu, uiwashe, uhifadhi kwa F10. Kwenye kibodi nyingine ndogo, vitufe vya F hufanya kazi ya sauti na mwanga, na hapo itabidi ushike Fn kwanza.

Ukigonga na bado Windows inafunguka kila mara, shida huenda ikawa kuzima kwake kwa haraka. Windows za tangu 8 hazizimi kabisa unapobonyeza kuzima. Ingia humo, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, kisha kwenye skrini ya buluu chagua Use a device na uchague flashi yako. Njia hii imeokoa watu wengi kuliko vitufe vyote vya F.

Flashi isipoonekana kwenye orodha, rudi kwenye karatasi yako. Flashi iliyoandaliwa kwa GPT haionekani na mashine iliyowekwa Legacy. Kama inaonekana lakini inakataliwa kwa onyo la usalama, zima Secure Boot kwenye mipangilio. Mint na Windows hazihitaji hivyo kwa kawaida. Mifumo midogo kama antiX huweza kuhitaji.

Kuweka mfumo wenyewe

Linux ina fadhila moja ambayo Windows haina. Flashi ikiwaka, Mint inafunguka nzima bila kugusa diski ya ndani. Itumie nafasi hiyo. Unganisha Wi-Fi, jaribu sauti, kamera, mwanga wa skrini, na funika kifuniko uone kama inalala na kuamka. Kisipofanya kazi kitu hapo, utakijua kabla hujafuta chochote. Ukiridhika, bonyeza ikoni ya kusakinisha iliyo kwenye eneo-kazi na ujibu maswali ya lugha, kibodi na mahali.

Swali linalotaka utulivu ni la diski. Ukichagua kufuta diski nzima, angalia ni diski gani. Kwenye HP Stream na wenzake, hifadhi ya ndani inaitwa mmcblk0, na flashi yako ndiyo sda. Kwenye EliteBook yenye diski ya SATA, sda huwa ile ya ndani. Majina yanadanganya, kwa hiyo amini ukubwa: GB 32, GB 128, GB 256, linganisha na ulichokiandika kwenye karatasi.

Kwenye Eee PC na zile zenye skrini ya 1024 kwa 600 au pungufu, vitufe vya chini vya dirisha la usakinishaji hupotelea nje ya skrini. Shikilia Alt, kamata dirisha popote kwa kipanya, ulivute juu, navyo vitatokea.

Kwa Windows, chagua usakinishaji wa kuanza upya, futa sehemu zote za diski ya ndani, acha eneo lote likiwa tupu, kisha endelea; yenyewe itajigawia. Mashine ikijiwasha upya mara ya kwanza, ikarudi tena kwenye skrini ya mwanzo kabisa ya usakinishaji, usianze upya. Chomoa flashi uiwashe, na itaendelea ilipoishia.

Windows 11 itadai intaneti kabla ya kukuruhusu kuingia, na wakati mwingine draiva ya Wi-Fi (programu ndogo ya kuendesha kifaa hicho) bado haimo. Unganisha simu yako kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, na mara nyingi mashine itaipokea hapo hapo. Zima kwanza masasisho ya programu kwenye simu ili bando lisiliwe pande mbili.

Ujumbe unaowachanganya wengi

Wanaoweka Windows 7 kwenye mashine hizi, kwa sababu ya programu fulani ya zamani ya ofisi, hukutana na ujumbe kwamba draiva ya CD/DVD inakosekana. Mtu anashangaa: mashine haina CD, inadai draiva ya nini? Windows 7 ilitoka mwaka 2009, kabla USB 3.0 haijaenea, na haina draiva zake. Flashi ikichomekwa kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la buluu, usakinishaji unaanza vizuri kisha unaipoteza flashi yenyewe. Ihamishie kwenye tundu jeusi la USB 2.0 uanze tena. Ujumbe ukibaki, huenda faili la ISO lina kasoro; rudi kwenye ukaguzi.

Kwa mashine za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, Windows inaweza kusema haioni diski yoyote. Diski haijafa. Pakua draiva ya hifadhi, iitwayo Intel RST, kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine yako, iweke kwenye folda ndani ya flashi, kisha bonyeza Load driver na uielekeze huko.

Programu zilizo kwenye CD za zamani

Kama shida yako ni CD ya printa, usiitafute CD. Tovuti ya mtengenezaji wa printa ina draiva ileile, tena mpya zaidi.

Kama ni kamusi, masomo ya shule au programu ya hesabu za duka, azima kompyuta yenye mlango wa CD. Mara nyingi inatosha kunakili vyote vilivyomo kwenye folda moja ya flashi, kisha kwenye mashine ndogo ufungue setup.exe iliyomo. Programu nyingine hukagua kama CD yenyewe ipo. Kwa hizo, tengeneza faili la ISO la CD hiyo kwa ImgBurn, lihamishe, na kwenye Windows 8 kwenda juu ubofye mara mbili. Itatokea kama CD iliyoingizwa. CD yenye kinga ya kunakiliwa itakataa, na hapo dawa ni mlango wa DVD wa nje wa USB. Ukinunua, kama waya wake una vichwa viwili vya USB, chomeka vyote, maana tundu moja la USB 2.0 linatoa milliampia 500 tu na mota ya ndani huhitaji zaidi wakati wa kuanza kuzunguka.

Programu za enzi ya Windows 3.1, na baadhi za Windows 95, ni za biti 16. Windows ya biti 64 haiziendeshi hata uziletee CD halisi, kwa hiyo usinunue mlango wa nje kwa ajili yake.

Kazi ikiisha, weka flashi hiyo kando kwa wiki kadhaa, kwani ndiyo itakayokuwezesha kuingia mfumo ukigoma. Baadaye ukitaka kuirudisha iwe ya kubebea mafaili, ifungue tena kwa Rufus, chagua Non bootable badala ya ISO, ubonyeze START.